Siku ya Mvua, Mikono Ishike Nta

Maneno haya, juu ya kutengeneza mishumaa siku za mvua, niliyasema Jumamosi iliyopita katika ukumbi wa parokia yetu huku Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, mbele ya kina mama wa ushirika, vijana na wazazi wachache. Wengi hawakufika kwa sababu ya mvua na utelezi, na tangu siku hiyo wananiuliza nilisema nini. Nimeyaandika yote kama nilivyoyatamka.

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba padri, kina mama, kina baba, ndugu zangu vijana, na ninyi watoto mlioketi hapa chini mbele: aksanti sana kwa kufika. Nimewaona mkiingia na viatu mkononi. Nimemwona mama mmoja amemfunika mtoto kwa kitenge chake, yeye mwenyewe amelowa mpaka mabegani. Mama, sogea huku karibu na mbabula, jiko letu la makaa, ujikaushe. Tutakungoja.

Nianze na swali. Usiku, mvua ikianza kupiga mabati, wewe unafanya nini?

Wapo watakaosema wanavuta blanketi na kulala usingizi mtamu. Wana heri. Lakini anayelala kwenye mteremko hapa Kadutu, anayelala kule mtaa wa Funu, huyo halali. Anasikiliza. Anasikiliza mfereji kama bado unapitisha maji. Anasikiliza ukuta wa jirani wa juu. Anasikiliza watoto wanavyopumua. Na mvua yetu Bukavu inaanza Septemba na kutuacha karibu na Juni. Hesabuni wenyewe hiyo ni miezi mingapi. Je, mtu ataishi sehemu kubwa ya mwaka wake moyo ukiwa juu juu?

Sikuja kuwaambia kwamba mshumaa unazuia mlima usiporomoke. Hauzuii. Mifereji tuizibue, miti tuipande, na aliyeona ufa mpya ukutani asilale humo, aende kwa ndugu usiku huohuo. Ninachozungumzia leo ni zile saa nyingine: mvua ndefu ya mchana, isiyo na hatari, inayotufungia ndani tu. Hatari haipo, lakini moyo unaendelea kutetemeka kana kwamba bado ni usiku ule. Saa hizo tunazitumiaje?

Mwaka mmoja, mwezi wa kumi na moja, umeme ulikatika kwetu siku nne. Mnajua ilivyo. Ruzizi, mto wetu, inatoka Ziwa Kivu hapahapa miguuni petu, inatoa umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na bado kila nyumba hapa ina mshumaa kwenye kabati. Binti yangu wakati huo alikuwa na miaka tisa na aliogopa radi. Nilimwambia, tulia. Nikamwambia tena, tulia. Nikasema kwa ukali, tulia! Je, alitulia? Nani kati yenu amewahi kutulia kwa sababu ameamriwa atulie?

Nilikuwa na mfuko wa vipande vya mishumaa, vile vinavyobaki, ambavyo mama yangu alinifundisha nisivitupe. Nikaumwaga mezani. Nikamwambia binti: vitenganishe hivi, vyeupe huku, vya rangi kule. Akaanza kutenga. Tukaviweka ndani ya kopo la maziwa, kopo ndani ya sufuria ya maji, sufuria juu ya mbabula. Kwa utambi nilichomoa uzi kwenye gunia la mchele. Uzi ule ulikuwa wa nailoni. Tulipowasha mshumaa wetu wa kwanza uzi ukajikunja, ukayeyuka, ukazama, na moto ukafa. Mtoto akacheka. Hakuwa amecheka kwa siku tatu.

Tukarudia kwa uzi wa kroshe, wa pamba. Ukawaka. Na ndipo nilipotambua jambo lililonileta mbele yenu leo: radi ilikuwa imepiga, na si mara moja, na hakuna kati yetu aliyeihesabu.

Ndugu zangu, nimefundisha kemia miaka mingi. Nilijua nta ni nini, niliichora ubaoni. Lakini sikuwa nimejua kwamba nta inaweza kumshika mtu mkono na kumketisha. Utulivu hauingii moyoni ukiuita kwa jina. Unaingia kupitia mikono, wakati wewe unaangalia kitu kingine.

Kwa nini nta? Kwa nini si kufuma, si kusonga ugali, si kuchambua maharage? Vyote hivyo ni vizuri. Lakini nta ina tabia moja ambayo sijaiona mahali pengine: haikubali kuharakishwa. Ukiizidishia moto, inatoa moshi na kugeuka hatari. Ukiimimina ikiwa ya moto mno, inashuka katikati na kuacha shimo kuzunguka utambi, kwa sababu nta ikipoa husinyaa. Ukiimimina imeshaanza kuganda, inakuwa na mikunjo kama ngozi ya maziwa. Ukiitoa kwenye kalibu, chombo kinachoipa umbo, kabla ya wakati, inavunjika mkononi. Kila kosa lake ni kosa la haraka. Na kila dawa yake ni kungoja.

Watoto, sikilizeni hapa kuna kemia. Maji yanachemka kwa nyuzi ngapi? Mia moja, ndivyo kitabu kinavyosema. Lakini sisi tunaishi juu. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na nyumba zetu ziko juu zaidi ya ziwa. Huku kwetu maji yanachemka karibu na nyuzi 95. Nta ya nyuki inayeyuka kati ya nyuzi 62 na 65, na parafini ya mishumaa ya dukani haiko mbali na hapo. Kwa hiyo kopo likiwa ndani ya maji, nta inayeyuka vizuri na haiwezi kupita joto la maji. Kwa hiyo maji yasikauke kamwe kwenye sufuria, na kopo lisiwekwe moja kwa moja juu ya makaa. Kamwe.

Na siku ya mvua kwetu, hewa ikiwa baridi, ni siku njema kwa mshumaa wa kuchovya. Mnajua mshumaa wa kuchovya? Unashika utambi, unauzamisha kwenye nta, unauinua, unaungoja ukauke. Unazamisha tena. Kila mara unapata utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Mara tano, bado ni uzi mnene. Mara kumi, unaanza kuona. Mara ishirini, thelathini, una mshumaa. Unazamisha, unainua, unangoja. Nje mvua inapiga, ndani wewe unazamisha, unainua, unangoja. Baada ya nusu saa hata pumzi yako imefuata mwendo huo, na hukuiambia ifanye hivyo.

Jirani yangu mmoja ni kijana wa pikipiki, motari. Ninyi mnajua mvua ni nini kwa motari. Abiria hakuna, barabara ni tope, na jioni mwenye pikipiki anataka hesabu yake. Kijana huyu mvua ikinyesha alikuwa anakaa mlangoni, anatikisa goti, anamfokea mke, anamfokea mtoto, kisha anaona haya na kunyamaza hadi usiku. Ni kijana mwema. Alikuwa amefungiwa na mvua, hiyo tu.

Siku moja aliingia kwangu kujikinga na mvua. Nikampa nyuzi tatu za pamba. Nikamwambia, mwanangu, nisukie utambi, mimi vidole vinaniuma. Akasema hiyo ni kazi ya wasichana. Nikamwambia kwamba utambi wa kusuka ulibuniwa na mwanaume, Mfaransa aitwaye Cambacérès, mwaka 1825. Kabla yake utambi ulikuwa wa kusokotwa tu, na watu walikaa usiku kucha na mkasi wakikata ncha iliyoungua, la sivyo mshumaa ulijaza chumba masizi. Utambi uliosukwa hujipinda kidogo pembeni ya mwali, na ncha yake inaungua yenyewe na kuisha. Nyuzi tatu tu, zikipishana vizuri, zikawatua watu mzigo huo.

Akachukua nyuzi. Alisuka mita mbili siku ile, amekunja uso kama anafunga mnyororo wa pikipiki. Akarudi mvua iliyofuata. Mke wake ndiye aliyenijia baadaye akaniuliza, mwalimu, umempa nini mume wangu? Nyuzi tatu, mama. Nilimpa nyuzi tatu.

Hajawa tajiri wa mishumaa, na sitawadanganya kwamba mtatajirika. Anauza michache. Mvua ikinyesha bado anapoteza abiria wake, na bado inamuuma. Lakini goti halitikisiki.

Sasa zimeni tochi zenu kidogo. Nawasha mshumaa huu. Tazameni. Nauzima. Mnaona moshi mweupe unapanda? Naleta kiberiti, siugusi utambi, naugusa moshi tu... Mmeona! Moto umeshuka kwa njia ya moshi na kuuwasha utambi tena. Kwa nini? Kwa sababu kinachoungua kwenye mshumaa si ule uzi, na si nta ngumu. Nta inayeyuka, inapanda ndani ya utambi kama maji yanavyopanda ndani ya kitambaa, inageuka mvuke, na mvuke ndio unaowaka. Ule moshi mweupe ni nta iliyokuwa njiani kwenda kuwa mwanga.

London, Krismasi ya 1860, mtaalamu mmoja aitwaye Michael Faraday aliwaita watoto na vijana, akawafundisha sayansi mihadhara sita, na kitu alichowashikia mkononi kilikuwa mshumaa. Alikuwa mtoto wa mhunzi. Shule aliipata kidogo sana. Kwenye miaka kumi na minne alikuwa mwanagenzi kwa mjalidi wa vitabu, akisoma vile alivyopewa kuvishona. Mtu huyo, ambaye kazi zake juu ya sumaku na umeme ndizo zilizofungua njia ya mitambo kama ile ya Ruzizi, aliona mshumaa unatosha kumfundishia mtoto. Basi ninyi mkiketi na watoto wenu mbele ya mshumaa siku ya mvua, msiseme mnapoteza muda.

Nizungumzie kubuni, maana vijana wamenisubiri hapo. Vijana wangu huniambia: mwalimu, tungependa kufanya vitu vizuri, lakini hatuna vifaa. Kalibu za dukani hatuna, rangi hatuna, manukato hatuna. Nami nauliza, mna nini?

Mna mianzi. Kipande cha mwanzi kati ya vifundo viwili ni kalibu iliyonyooka. Upake mafuta kidogo ndani, nta ikiganda upasue mwanzi pembeni. Mna kikonyo cha jani la papai, ambacho kina uwazi ndani. Kinatoa mshumaa mwembamba kama kidole. Mna maganda ya mayai. Mna mchanga wa ujenzi: uloweshe, uushindilie kwenye beseni, bonyeza umbo unalotaka, mimina nta. Ukiinua, mshumaa umevaa koti la mchanga. Na rangi? Msiyeyushe kalamu za nta za watoto. Rangi yake ni chembechembe, zinaziba utambi na moto unakufa. Rangi za maji nazo hazikubaliani na nta kabisa. Nendeni kwa msakristani mkamwombe vipande vya mishumaa ya Majilio, majuma ya kungoja Noeli: vya zambarau, na kile kimoja cha waridi. Rangi hiyo imeshakubaliana na nta zamani.

Na nta ya nyuki, kina mama. Wauza asali wanaotoka vijijini hukamua masega na mara nyingi hutupa nta. Waombeni. Iyeyusheni ndani ya maji, ichujeni kwa kitambaa, iacheni igande juu. Kanisa linaijua nta hiyo tangu kale. Usiku wa Pasaka, tunapoimba mbele ya mshumaa mkubwa, tunawataja nyuki na kazi yao. Haihitaji manukato. Ina harufu ya asali na ya porini, na rangi yake ni ya ardhi wakati wa kiangazi.

Bibi mmoja hapa mtaani, mjane, simtaji kwa sababu ameketi humu na hapendi kutajwa, alichukua chupa pana ya jamu. Kila siku ya mvua alimimina tabaka moja jembamba la rangi iliyopatikana siku hiyo. Akangoja ligande. Siku isiyo na mvua hakumimina kitu. Alianza mwezi wa kumi, na karibu na Noeli chupa ilijaa. Nilipoiona nilisimama kimya. Nyeupe, nyeupe, njano ya nyuki, zambarau, nyeupe, waridi. Alinionyesha kwa kidole: hii ndiyo siku njia ya chini ilipokatika. Hii, mjukuu alifaulu mtihani. Hii, sikuzungumza na mtu yeyote siku nzima, hii ya zambarau. Ndani ya chupa ya jamu alikuwa ameandika msimu mzima wa mvua, naye hajui kusoma wala kuandika. Je, huyo alihitaji kalibu ya dukani?

Yule bibi nilipomuuliza ataiwasha lini, alisema mvua ya kwanza ya Septemba. Atauteketeza msimu wa mwaka jana ili uangazie wa mwaka huu. Sikuwa na la kuongeza.

Hapa lazima niwe mkali, mnisamehe. Sitaki kusikia kwamba mtu ameumia kwa sababu ya maneno yangu. Nyumba zetu zimebanana, nyingi ni za mbao, na kila mtu hapa ameona moto ukila safu nzima huku Kadutu. Basi sikilizeni. Nta ikishika moto, usiimwagie maji. Maji yanageuka mvuke ghafla na kuirusha nta inayowaka usoni kwako. Funika kwa kifuniko, au mimina mchanga. Mfuniko na mchanga viwe karibu kabla hujaanza. Mtoto asishike kopo la moto. Kazi yake ni kutenga, kusuka, kuchagua. Mshumaa usilale na mtu chumbani, wala usikae karibu na chandarua. Msitie majani makavu wala mbegu za kahawa ndani ya mshumaa kwa kupamba, zitakuwa kuni; zizungusheni chini kwenye sahani.

Na mbabula! Mvua ikinyesha tunaingiza mbabula ndani na kufunga madirisha. Ndugu zangu, makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, na mtu haamki. Mbabula ikae barazani chini ya paa. Baraza kama hakuna, basi mlangoni, mlango wazi, dirisha wazi, hata kama baridi inaingia. Afadhali baridi. Rudieni na mimi: afadhali baridi! Tena: afadhali baridi!

Vizuri.

Kuna mshumaa mmoja hapa mezani ambao sijawaeleza, huu wenye umbo la unyayo. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha nne aliutengeneza. Alishindilia mchanga mbichi kwenye beseni, akamsimamisha humo mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu, akamtoa, akamimina nta. Mnaona vidole vitano, mnaona hata kisigino kilivyozama zaidi, maana mtoto alikuwa anajaribu kukimbia. Familia ile ilihama baadaye, wakaenda mbali kwa sababu mnazozijua nyote, maana nyumba nyingi humu zina kiti kitupu kwa sababu hizohizo. Msichana aliniletea siku ya kuondoka. Akasema, mwalimu, njiani utavunjika, ututunzie.

Nilimuuliza kama naweza kuuwasha siku moja. Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema, hapana, mguu wake utakua, nataka apime.

Kwa hiyo huu hauwaki leo. Unakaa hapa mezani, na atakayekuja kupima atakuja.

Sasa mnaisikia, imeanza tena, na hii si ya dakika kumi. Hakuna anayetoka. Vijana wawili mfungue madirisha ya upande ule usiopigwa na upepo. Mama wa ushirika, pitisha kikapu. Kila mmoja achukue nyuzi tatu, urefu wa kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole. Msichague, zote ni pamba. Fungeni fundo moja juu, mshikize fundo kwenye meno au mpeni jirani ashike. Baba padri, na wewe pia. Wa kushoto uende katikati. Wa kulia uende katikati. Wa kushoto katikati. Wa kulia katikati. Polepole, msivute sana.